Mtu Mashuhuri Mbele ya Sheria

Ndugu zetu wawili katika darasa walibishana mbele yetu, na kila mmoja akataka tumpe haki. Mmoja alisema kuwa mtu mwenye jina kubwa haguswi na sheria. Akikosa hutafutiwa wakili, na udhuru, na daktari wa kumwandikia cheti, hata kesi ikachoka ikalala. Wa pili akasema: bali mwenye jina ndiye anayeonewa, kwani asiyejulikana hukosa akasahauliwa, na huyu kosa lake moja hutangazwa mpaka pembe za dunia, na hakimu akaogopa kumhurumia asije akaambiwa amependelea. Tuliwaambia kuwa kila mmoja ameshika nusu ya kweli, na kwamba jawabu haipatikani kwa kurushiana mifano. Yataka tushike kesi moja, tuifuate tangu mwanzo mpaka mwisho, na katika kila hatua tutazame jina la mtu lilifanya kazi gani. Hayo ndiyo tunayoyaandika hapa, kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.

Kwanza msingi wenyewe. Katika Qur'ani Tukufu mna aya mbili juu ya mlango huu ambazo wengi wetu huzisoma mbali mbali, na lau tungezisoma pamoja tungefaidika zaidi. Moja ni aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, inayotuamrisha kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu na wazazi wetu na jamaa zetu, akiwa mtu huyo ni tajiri au akiwa ni fakiri. Nyingine ni aya ya 8 ya Suratul-Maida, inayotukataza tusiache chuki yetu juu ya watu fulani ikatutoa katika uadilifu. Aya ya kwanza yafunga mlango wa mapenzi, na ya pili yafunga mlango wa chuki. Na mtu mashuhuri, kwa tabia ya ushuhuri wenyewe, hakosi kusimama kwenye mmoja wa milango hii miwili. Mtu asiyejulikana aingia mahakamani na kosa lake tu. Mashuhuri aingia na kosa lake pamoja na mioyo ya watu.

Ama hadithi ya mwanamke wa Bani Makhzum, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kila mwanafunzi aijua. Mwanamke huyo wa nyumba tukufu ya Makureshi aliiba, na watu wake wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zaid, kwa kuwa alikuwa kipenzi cha Mtume (s.a.w.), aende akamwombee. Mtume alikasirika, akasimama akawahutubia watu, akawaeleza kuwa waliokuwa kabla yao waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimhukumu. Akaapa kuwa hata binti yake Fatima, lau angeiba, hukumu ingekuwa ni ile ile. Hayo husomwa kila siku katika mimbari zetu. Lakini kuna jambo moja ambalo aghlabu hatulitaji. Mtume hakusema kuwa mwanamke yule aongezewe adhabu kwa kuwa ni mtukufu, ili wengine wapate kutishika. Alisema ahukumiwe kama mwingine yeyote. Msomaji alishike neno hili, kwa kuwa mwisho wa makala haya tutalirudia kwa haja yake.

Sasa kesi yenyewe. Tumeichagua ya Muhammad Ali, bingwa wa ndondi wa Marekani aliyefariki tarehe 3 Juni 2016, kwa sababu tatu. Hukumu zake zimeandikwa na zasomeka. Tena ndani ya kesi moja mna yote mawili waliyobishana ndugu zetu: kuonewa kwa ajili ya jina, na kuokoka kwa ajili ya jina. Na sababu ya tatu ni kuwa watu wetu wampenda, nasi pia twampenda. Basi ni mtihani mzuri kwetu kuona kama twaweza kuyapima mambo yake bila ya kuyapendelea.

Alizaliwa Louisville, katika jimbo la Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Clay. Mwaka 1960 alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Roma, na tarehe 25 Februari 1964 akamshinda Sonny Liston akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Papo hapo akatangaza kuwa yeye ni mfuasi wa Elijah Muhammad, na mwezi uliofuata akapewa jina la Muhammad Ali. Hapa hatuna budi kusema wazi, wala hatumvunjii mtu heshima yake: itikadi ya Elijah Muhammad wakati ule ilikuwa mbali sana na Uislamu tuujuao, kwani alidai utume, na mwalimu wake akamfanya ndiye Mungu aliyekuja kwa umbo la mtu. Elijah alipokufa mwaka 1975, mwanawe Warith Deen aliwaongoza wafuasi wengi kuingia katika njia ya Sunna, na Muhammad Ali akawa miongoni mwao. Lakini kesi yetu ni ya kabla ya hapo, nasi hatupimi hapa usahihi wa itikadi yake. Sheria ya Marekani haikuuliza kama itikadi ya mtu ni sahihi. Iliuliza kama ni ya kidini, na kama mwenyewe aiamini kwa dhati.

Katika nchi ile zama hizo vijana walikuwa wakiandikwa askari kwa lazima. Ali alipopimwa akili mwaka 1964 hakufikia kiwango: kilichotakiwa kilikuwa 30 katika mia, naye akapata 16, basi akawekwa kando. Mapema mwaka 1966 vita vya Vietnam vilihitaji watu wengi zaidi, kiwango kikateremshwa hadi 15, na bingwa akajikuta yu miongoni mwa wanaofaa kwenda vitani. Wako wanaosema kiwango kiliteremshwa kwa ajili yake. Hilo hatulikubali, kwani kiliteremshwa kwa vijana wote, na dhuluma haithibitishwi kwa kuzidisha chumvi. Yeye aliomba udhuru ambao sheria yenyewe iliuweka, yaani udhuru wa mtu ambaye dini yake yamzuia kupigana vita. Sheria ilikuwa na masharti matatu: awe apinga vita vya kila namna, si vita fulani tu; upinzani wake utokane na mafundisho ya dini; na awe mkweli katika madai yake.

Mwezi wa Agosti 1966 alisikilizwa na jaji mstaafu wa Kentucky, Lawrence Grauman. Mzee huyu alimwona kwa macho yake, akamwuliza, akasikiliza na mashahidi, kisha akapendekeza kuwa udhuru wake ukubaliwe, kwa kuwa ni mkweli. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Laiti mtu huyu angekuwa seremala wa Louisville ambaye hapana amjuaye, yamkini maneno ya jaji aliyemsikiliza ana kwa ana yangetosha. Lakini alikuwa bingwa wa dunia, na alikuwa amekwisha sema hadharani kuwa hana ugomvi na watu wa Vietnam, na magazeti yakamrukia kwa hasira. Mwezi ule ule L. Mendel Rivers, mwenyekiti wa kamati ya majeshi katika Baraza la Wawakilishi, alisimama mbele ya wazee wa vita akatoa vitisho juu ya kuachiliwa kwake. Wizara ya Sheria haikuyafuata mapendekezo ya jaji wake. Iliwaandikia Baraza la Rufani la Kentucky kuwa mtu huyu hakutimiza hata sharti moja katika yale matatu. Baraza likamkatalia, wala halikuandika sababu.

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston katika Texas, liliitwa jina la Clay ili asonge hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo alama ya kuingia jeshini. Hakusonga. Akaitwa tena, akasimama pale pale.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kiini cha somo letu. Siku ile ile, kabla ya kushitakiwa, kabla ya shahidi mmoja kuapa, kamisheni ya michezo ya New York ilimsimamishia leseni ya ndondi, na chama cha World Boxing Association kikamvua ubingwa. Majimbo mengine yakafuata. Hati ya mashitaka ilitoka mwezi wa Mei, na hukumu mwezi wa Juni. Adhabu ya kuondolewa katika kazi yake, basi, ilitangulia mashitaka, na mashitaka yakaja nyuma kama mtumishi aliyechelewa. Mafakihi wetu wanayo kanuni kuwa asili ya mtu ni kutokuwa na dhima mpaka ithibiti, na Wamarekani nao wanayo kanuni ya maana hiyo hiyo, nao huisifu sana. Lakini kanuni hii humlinda mtu ndani ya mahakama tu. Nje yake kuna mabaraza, na kamisheni, na wafanya biashara, na hao ndio wenye kushika riziki ya mtu mashuhuri. Seremala hana kamisheni ya kumnyang'anya randa.

Kesi ilisikilizwa Houston mbele ya Jaji Joe Ingraham na baraza la watu kumi na wawili, wote weupe. Tarehe 20 Juni 1967 baraza lilijitenga kushauriana, likarudi baada ya dakika kama 21 likasema ana hatia. Jaji akampa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000, nao ndio ukomo wa adhabu uliowekwa na sheria. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu cha kumpa. Pasipoti yake ikashikwa. Hivyo hakuweza kupigana kwao kwa kukosa leseni, wala ng'ambo kwa kukosa ruhusa ya kusafiri. Tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970 hakupanda ulingoni kwa pambano hata moja la kazi yake, naye alikuwa katika umri wa miaka 25 hadi 28, ambao kwa mpiganaji wa ndondi ndio wakati wa nguvu zake zote. Miaka hiyo hapana mahakama iliyomrudishia.

Sasa tuje kwa ndugu yetu wa kwanza, aliyesema kuwa mwenye jina hutafutiwa wakili. Naye ana hoja katika kesi hii hii. Muhammad Ali alihukumiwa kifungo, lakini kwa hukumu ile hakulala gerezani hata usiku mmoja. Alipewa dhamana, akakata rufani, akashindwa mwaka 1968. Ikagunduliwa kuwa makachero wa serikali walirekodi kwa siri mazungumzo yake ya simu, kesi ikarudishwa chini mwaka 1969 ili jambo hilo litazamwe. Akashindwa tena mwaka 1970. Akapanda tena Mahakama ya Juu Kabisa. Ngazi zote hizo zina gharama, na zataka mawakili hodari wenye subira. Gereza aliloonja lilikuwa la siku chache mjini Miami, Desemba 1968, na kosa lake lilikuwa ni kuendesha gari bila ya leseni iliyo halali.

Na wenzake je? Elijah Muhammad mwenyewe alifungwa katika vita vikuu vya pili kwa jambo la namna hii, akatoka mwaka 1946. Warith Deen, tuliyemtaja juu, alifungwa gerezani tangu 1961 mpaka 1963, kwa kuwa alikataa hata kazi nyingine aliyopewa badala ya uaskari. Watu hawa walikuwa na jina katika kundi lao, lakini si jina la dunia nzima, na ngazi za rufani kwao zilikuwa fupi. Itikadi moja, sheria moja, na mmoja akaingia gerezani na mwingine akangoja hukumu yake akiwa huru. Hatusemi kuwa Ali alipendelewa na mahakimu. Twasema kuwa haki ya kukata rufani imeandikiwa watu wote, lakini wenye uwezo wa kuifuata mpaka mwisho ni wachache.

Katika vita hivyo hivyo kulikuwa na njia nyingine kwa wenye majina. Wachezaji wengi wa mpira waliingizwa katika majeshi ya akiba, ambayo hayakupelekwa Vietnam kwa wingi, wakafanya mazoezi mwisho wa juma na kurudi viwanjani. Sheria haikuvunjwa, ila nafasi zilikuwa chache na wenye kujulikana walizifikia. Ali naye angaliweza kuvaa sare, akacheza ndondi za kuwafurahisha askari kama alivyofanya Joe Louis katika vita vya nyuma yake, wala asishike bunduki. Huo ndio upendeleo aliowekewa mezani, naye akaukataa. Kwa hivyo aliyepewa adhabu kamili ni mtu mashuhuri aliyekataa upendeleo wa mashuhuri, na hili ni jambo la ajabu kidogo katika mlango huu. Jamii huwa tayari kumsamehe mwenye jina maadamu yu mtiifu kwa wale waliomkuza. Akiwapa kisogo, hapo ndipo wanapoikumbuka sheria.

Ushahidi ulio wazi kabisa ulitoka New York. Kamisheni ya huko iliendelea kumnyima leseni kwa hoja kuwa amehukumiwa kwa kosa kubwa. Mawakili wa mfuko wa NAACP wa utetezi wa kisheria wakaishitaki, wakapekua madaftari ya kamisheni yenyewe, wakakuta kuwa katika miaka ya nyuma ilikwisha wapa leseni, zaidi ya mara 200, watu waliokwisha hukumiwa: wauaji, wanyang'anyi, wabakaji, hata waliohukumiwa kwa makosa ya jeshini. Jaji Walter Mansfield akaamua, tarehe 14 Septemba 1970, kuwa kumnyima Ali peke yake ni ubaguzi usio na msingi. Hii ndiyo njia ya kuitambua dhuluma. Haitoshi kuuliza kama mtu ameadhibiwa. Huulizwa wenzake wenye kosa kama lake, au kubwa kuliko lake, walitendewaje. Ilitakiwa daftari ifunguliwe, ikafunguliwa, ikasema yenyewe.

Mwezi uliofuata alipigana Atlanta na Jerry Quarry, akashinda. Tarehe 8 Machi 1971 akapigana na Joe Frazier mjini New York, akashindwa, na dunia nzima ikatazama. Wengi waikumbuka siku hiyo kwa pambano hilo. Sisi twaikumbuka kwa jambo jingine. Siku ile ile ya tarehe 8 Machi 1971, Mahakama ya Juu Kabisa mjini Washington ilitoa hukumu juu ya watu wawili ambao hapana aliyewangoja uwanjani. Mmoja aitwa Gillette, aliyesema kuwa angeipigania nchi yake ikishambuliwa lakini dhamiri yake yakataa vita vya Vietnam. Wa pili aitwa Negre, Mkatoliki, aliyekuwa amekwisha ingia jeshini, akasema kuwa dini yake humfunza kutenganisha vita vya haki na vita vya dhuluma, na hivi ni vya dhuluma. Mahakama iliwakatalia wote wawili, majaji wanane kwa mmoja: sheria yataka mtu apinge vita vyote, na anayechagua hana udhuru.

Sasa tazama. Shitaka juu ya Muhammad Ali lilikuwa ni lile lile. Serikali ilisema kuwa wafuasi wa Elijah Muhammad hawapingi vita vyote, kwani wasema watapigana vita vitakavyoamrishwa na Mwenyezi Mungu. Basi nao ni wenye kuchagua. (Maneno yao juu ya jihadi si maneno ya wanavyuoni wetu, na mlango huo una darasa yake.) Kesi yake ilisikilizwa tarehe 19 Aprili 1971, wiki sita tu baada ya Gillette na Negre kukataliwa. Jaji Thurgood Marshall alijitoa, kwa kuwa kesi ilipokuwa chini yeye alikuwa wakili mkuu wa serikali, wakabaki wanane. Waandishi wa habari Bob Woodward na Scott Armstrong, katika kitabu chao cha mwaka 1979 juu ya mahakama hiyo, waeleza kuwa baada ya kusikiliza, majaji watano walitaka Ali aende gerezani na watatu wakapinga. Jaji John Harlan, aliyepewa kazi ya kuandika hukumu dhidi yake, alipewa na wasaidizi wake vitabu vya itikadi ile akavisoma, naye akabadili rai yake. Ikawa wanne kwa wanne. Na majaji wakilingana, hukumu ya chini husimama, na mtu huenda kifungoni bila ya kuelezwa sababu.

Hapo Jaji Potter Stewart akatafuta mlango wa pembeni. Wizara ya Sheria mwaka 1966 iliwaambia Baraza la Rufani kuwa Ali amekosa masharti yote matatu; lakini mbele ya Mahakama ya Juu Kabisa serikali yenyewe ilikiri kuwa mawili ameyatimiza: itikadi yake ni ya kidini, na yeye ni mkweli. Na kwa kuwa Baraza halikuandika sababu ya kukataa, haijulikani kama halikujengea juu ya yale mawili yaliyo batili. Basi hukumu yaanguka. Wote wanane wakaliafiki, na tarehe 28 Juni 1971 Muhammad Ali akawa huru. Kesi yaitwa mpaka leo kwa jina la Clay, jina ambalo mwenyewe alilikataa.

Twaiona hukumu hiyo kuwa ni ya haki katika matokeo yake, na mtu aliyedhulumiwa kwa barua ya uwongo alistahili kuokolewa na barua hiyo hiyo. Lakini hatuwezi kuificha kasoro yake. Swali lenyewe, je, mwenye itikadi ile anao udhuru au hana, liliachwa bila ya jawabu. Mlango ulifunguliwa kiasi cha kupita mtu mmoja. Kijana mwingine wa itikadi ile ile, ambaye Baraza lake liliandika sababu moja iliyo sawa, hakupata faida katika hukumu ya bingwa wake. Waandishi wale wasema kuwa hilo ndilo lililowaridhisha baadhi ya majaji. Haki inayoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja ni haki kwake, lakini haijawa sheria. Na hapa ndipo tunapowajibu ndugu zetu wote wawili kwa pamoja: jina lilimletea Ali dhuluma mapema, likamletea wokovu baadaye, na katika hali zote mbili waliobaki nje ni wale wasio na jina.

(Mwaka 1980 serikali ile ile iliyoshika pasipoti yake ilimtuma Afrika kuwa mjumbe wake, ili nchi zetu zisusie Olimpiki ya Moscow. Alipita Tanzania, ambako Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye kwa kazi hiyo, kisha akaja Kenya.)

Baada ya kuyasoma hayo, kijana mmoja katika darasa alituuliza swali zito. Alisema: mwawalaumu Wamarekani kwa kuwatazama watu nyuso zao, je, vitabu vyetu vya fikihi havina mfano wa hayo? Swali hili hatulikimbii. Imam al-Kasani, katika wanavyuoni wakubwa wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 587 wa Hijra, ameandika kuwa adhabu za ta'ziri hupangwa kwa daraja za watu: watukufu wa watukufu huarifiwa tu kuwa kadhi amepata habari zao, walio chini yao huitwa mlangoni pa kadhi, watu wa kati huongezewa kifungo, na watu duni huongezewa kipigo. Hoja yake ni kuwa makusudio ya ta'ziri ni kumzuia mtu asirudie, na mwenye heshima huzuiwa na neno, ambapo mwingine hazuiwi ila kwa fimbo. Nasi twaiheshimu elimu yake, lakini hatuoni kuwa mpango huu waweza kusimama mbele ya ile hadithi ya mwanamke wa Makhzum. Ni kweli kuwa hadithi ile ni ya hadi na haya ni ya ta'ziri. Lakini sababu aliyoitaja Mtume ya kuangamia kwao waliotangulia, yaani kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge, haikufungwa na wizi.

Ama hadithi ya Abu Daud, inayoelekeza kusamehewa kuteleza kwa watu wenye hali njema isipokuwa katika hudud, wanavyuoni wameijadili sanadi yake, na maana yake ameifafanua Imam Shafi'i, ambaye ndiye imamu wetu katika pwani hii. Alisema kuwa wenye hali njema ni wale wasiojulikana kwa uovu, kisha mmoja wao akateleza mara. Tazama tofauti yake. Imam hakusema matajiri, wala masharifu, wala wenye majina. Mchukuzi wa bandarini ambaye miaka ishirini hakusikiwa na ubaya ni katika wenye hali njema. Na mwenye jumba la ghorofa ambaye kila mwaka huja na ugomvi mpya si katika wao. Kinachotazamwa ni mwenendo wa mtu, si kujulikana kwake. Lau wazee wetu wa mitaa wanaosuluhisha ugomvi wangeishika tafsiri hii, wasingeuliza kwanza, kama tusikiavyo mara nyingi, huyu ni mtoto wa nani.

Limebaki neno la ibra, nalo ndilo tuliloahidi kulirudia. Wako wanaosema kuwa mashuhuri aadhibiwe zaidi ya wengine, kwa sababu watu humwiga; akikazwa yeye watatulia elfu. Kwa juu neno hili lapendeza. Lakini aya ya 164 ya Suratul-An'am yatufunza kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na anayemwongezea mtu mwaka mmoja wa kifungo kwa ajili ya vijana ambao huenda wakamwiga, amemtwika mzigo wa makosa ambayo hayajatendwa, na ya watu ambao yeye hawajui. Hoja hiyo ndiyo iliyozungushwa juu ya Muhammad Ali: akiachwa yeye, maelfu watadai kama yeye. Twajibu kuwa kama udhuru wake ulikuwa wa kweli, basi wale maelfu wenye udhuru kama huo walikuwa na haki ya kuachwa. Na kama ulikuwa wa uwongo, ilitosha kumhukumu kwa uwongo wake. Idadi ya watakaofuata haikuwa na mahali katika kesi. Jaji Grauman, katika ile Agosti ya 1966, hakuulizwa watafuata wangapi. Aliulizwa kama mtu aliyekaa mbele yake asema kweli, na hilo ndilo alilolijibu.